Ikisiri ya Kiingereza: mbona ya daktari haifanani na ya mwanafasihi?

Swali: "Shikamoo, mwalimu. Naandika tasnifu ya uzamili kwa Kiswahili kuhusu majina ya kanga, na chuo kinataka ikisiri mbili, yaani muhtasari mfupi wa kazi nzima, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Ya Kiingereza imerudishwa mara mbili, na msimamizi ameandika pembeni tu: 'Huu ni utangulizi, si ikisiri.' Nikasema nijifunze kwa kusoma ikisiri za wengine, ndipo nikapotea kabisa. Za tiba zina vichwa vidogo na takwimu, za fizikia zinaanza ghafla kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi, za uchumi ni fupi mno, na za fasihi nyingine sioni matokeo yako wapi. Nifuate ipi? Yangu nimeiambatisha."

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma ikisiri yako mara tatu, na alichoandika msimamizi wako ni kweli. Sentensi nne za mwanzo zinasema kwamba lugha ni chombo cha mawasiliano, kwamba kanga ni vazi la wanawake wa Afrika Mashariki, kwamba kanga ina pindo, mji na jina, na kwamba jina hubeba ujumbe. Yote ni sawa, na hakuna hata moja ulilolitafiti wewe. Ukija kwenye ulilolitafiti zimebaki sentensi tatu, na ile iliyopaswa kubeba mzigo wote inasema: "The findings revealed that kanga names have various meanings depending on the context." Sentensi hiyo nitairudia baadaye, maana humo ndimo ugonjwa ulimo.

Kwanza nikutoe hofu. Ulichokiona ulipozisoma ikisiri za wenzako umekiona sawasawa. Hakuna ikisiri moja ya Kiingereza ambayo kila mtu anapaswa kuiiga. Kila taaluma ina shaka yake ya kwanza, ile inayomjia msomaji kabla hajamaliza kusoma kichwa cha makala, na ikisiri huandikwa kuijibu shaka hiyo. Daktari anauliza: mlimlinganisha nani na nani, na wangapi walipona? Mwanafizikia anauliza: mna hakika si kelele za mitambo yenu? Mchumi: mnajuaje kwamba hiki ndicho kilichosababisha kile? Mwanahisabati: umethibitisha, na kwa masharti gani? Mwanafasihi naye ameisoma riwaya hiyo hiyo uliyoisoma wewe, kwa hiyo anauliza: una hoja gani mpya? Ukishajua msomaji wako atashuku nini, hutahangaika sana na umbo.

Wapo waliolifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi. John Swales, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alieleza jinsi utangulizi wa makala za Kiingereza unavyokwenda kwa hatua tatu: mwandishi anaonesha uwanja, anaonesha pengo lililomo, kisha anaingia pengoni. Ni kama mtu anayetafuta kiwanja. Anakutembeza mtaani, anakuonesha sehemu iliyo wazi, ndipo anasema, hapa nitajenga. Ikisiri nyingi za Kiingereza hupita njia hiyo hiyo kwa haraka. Mwaka 2000 Ken Hyland alichapisha uchambuzi wa ikisiri 800 kutoka taaluma nane: falsafa, sosholojia, isimu tumizi, masoko, uhandisi wa elektroniki, uhandisi wa mitambo, fizikia na biolojia. Aliona hatua tano zinazoweza kuwamo, yaani utangulizi, lengo, mbinu, zao la utafiti (matokeo au hoja) na hitimisho, lakini ikisiri zenye zote tano zilikuwa chache. Karibu zote zilikuwa na zao la utafiti. Wanafizikia na wahandisi walielekea kuuruka utangulizi na kutaja mbinu. Watu wa falsafa na sayansi za jamii walielekea kufanya kinyume chake, wakitumia maneno mengi kuandaa uwanja na machache kwenye mbinu.

Sababu yake haihusiani na heshima wala uvivu. Wanafizikia wa tawi moja wanashughulika na maswali yale yale kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna haja ya kumweleza mwenzako kwa nini swali ni muhimu. Analo mezani kwake. Mtu wa falsafa au wa jamii analazimika kwanza kumshawishi msomaji kwamba swali lipo.

Tuanze na tiba, maana vile vichwa vidogo vilivyokushangaza havikuwapo zamani. Mwaka 1987 kikundi cha wataalamu kilichapisha katika jarida la Annals of Internal Medicine pendekezo kwamba ikisiri za tafiti za tiba zigawanywe kwa vichwa: lengo, muundo wa utafiti, mahali, wagonjwa, tiba waliyopewa, vipimo na matokeo, hitimisho. Walitaka daktari asiye na muda aweze kujua haraka kama utafiti unamhusu na kama unaaminika. Majarida makubwa yakafuata, kila moja kwa vichwa vyake.

Chukua mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2011 New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya kwanza ya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililofanyika katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe huku kwetu, na Kilifi, Siaya na Kombewa kule Kenya. Ikisiri yake ina vichwa vinne tu. Inaeleza kwamba watoto 15,460 wa makundi mawili ya umri waliandikishwa kuanzia Machi 2009 hadi Januari 2011. Kisha inatoa namba: katika watoto 6,000 wa kwanza wa kundi la wakubwa, waliochanjwa waliugua malaria kwa kiwango cha 0.32 kwa mtoto kwa mwaka, na wale ambao hawakupewa chanjo hiyo kwa kiwango cha 0.55. Inataja hadi degedege zilizotokea baada ya chanjo, 1.04 kwa kila dozi 1,000. Hitimisho ni sentensi moja fupi, kwamba chanjo ilitoa kinga dhidi ya malaria ya kawaida na malaria kali kwa watoto wa Afrika. Kitenzi chake ni "provided", kimewekwa katika wakati uliopita. Hawakusema chanjo hutoa kinga kila mahali na siku zote. Walisema ilitoa, kwa watoto wale. Watu walikuwa wameingoja chanjo ya malaria kwa miongo mingi, lakini katika hitimisho lile huoni neno hata moja la kujisifu.

Unaweza kuona ni ukavu tu, lakini kuna watu wanaoishi au kufa kwa sababu ya ikisiri. Mwaka 2006 jarida la PLoS Medicine lilisimulia habari za daktari mmoja wa kusini mwa Afrika aliyekuwa akishughulikia kinga ya Ukimwi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Makala kamili hakuweza kuzipata, alikuwa akisoma ikisiri tu kwenye intaneti. Kwa kutegemea ikisiri moja, mpango wake ukabadilishwa kutoka tiba iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kwenda tiba dhaifu zaidi. Makala yenyewe ingemwonesha kwamba wagonjwa walikuwa wachache, walifuatiliwa kwa muda mfupi, na hali yao haikufanana na ya nchi yake. Kila ninapofundisha uandishi wa ikisiri humkumbuka daktari huyo. Katika hospitali zetu nyingi, ikisiri ndiyo makala. Ndiyo maana mwaka 2008 ulitolewa mwongozo maalumu wa CONSORT, kundi linaloweka kanuni za kuripoti majaribio ya tiba, unaotaja mambo ambayo ikisiri ya jaribio la tiba haipaswi kuyaacha, yakiwemo madhara.

Na usidhani namba zikiwepo basi ni salama. Mwaka 1999 Roy Pitkin na wenzake walizilinganisha ikisiri za majarida sita makubwa ya tiba na makala zake zenyewe. Kutegemea jarida, kati ya asilimia 18 na 68 ya ikisiri zilikuwa na takwimu zisizolingana na zilizomo ndani ya makala, au zisizopatikana humo kabisa. Hiyo hutokea kwa sababu watu huandika ikisiri mapema, kisha hurekebisha sura za ndani na kuisahau. Siku unayokabidhi tasnifu, kaa na kalamu, uitafute kila namba ya ikisiri ndani ya sura zako.

Sasa twende kwenye fizikia, kwa yule aliyeingia bila kubisha hodi. Soma ikisiri ya makala ya Februari 2016 iliyotangaza kunaswa kwa mawimbi ya graviti. Einstein aliyatabiri karne moja nyuma, na watu walikuwa wamejenga mitambo kwa miongo kadhaa wakiyawinda. Ungekuwa wewe, pengine ungeanza na Einstein. Wao walianza hivi: "On September 14, 2015 at 09:50:45 UTC", wakaendelea kusema kwamba vitambuzi viwili vya LIGO, mitambo yao ya kuyanasa mawimbi hayo, viliona ishara kwa wakati mmoja. Tarehe, saa, dakika, sekunde. Kisha mzunguko wa ishara, kutoka hezi 35 hadi 250. Kisha uwezekano wa kudanganyika: kelele za mitambo zisingeweza kutoa ishara kama hiyo zaidi ya mara moja katika miaka 203,000. Kisha uzito wa mashimo meusi mawili yaliyogongana, takriban mara 36 na mara 29 ya uzito wa Jua. Sentensi ya mwisho kabisa ndiyo inayosema kwamba hii ni mara ya kwanza mawimbi ya graviti kunaswa moja kwa moja. Neno "first" limekuja mwishoni, baada ya ushahidi wote kutandazwa. Msomaji wao alikuwa na shaka moja tu, kelele au ishara, na ikisiri nzima imepangwa kumjibu huyo.

Hisabati sina mengi ya kukuambia. "We prove that", nadharia inatajwa pamoja na masharti yake, basi. Watu wa sayansi ya kompyuta wanapenda "We propose", wanaeleza mfumo mpya, kisha wanataja namba inayouzidi mfumo wa jana. Na kuna ikisiri moja ya fizikia ya mwaka 2011 ninayoipenda. Kipindi hicho ilikuwa imeripotiwa kwamba nyutrino, chembe ndogo mno, zimekwenda kasi kuliko mwanga. Michael Berry na wenzake watatu waliandika makala ambayo kichwa chake ni swali: je, kasi hiyo inaweza kuelezwa kwa njia fulani ya kipimo cha kwanta? Ikisiri yake ni maneno mawili: "Probably not." Yaani, huenda hapana. Usiiige, lakini iangalie vizuri. Inajibu swali, na inasema kwa kiwango gani cha uhakika. Ikisiri yako yenye maneno mia mbili na ushee haijafanya hayo mawili.

Kwenye uchumi nataka tukae kidogo, kwa sababu ipo ikisiri ambayo ningependa uichapishe na kuibandika ukutani. Ni ya Edward Miguel na Michael Kremer, katika jarida la Econometrica, mwaka 2004, kuhusu dawa za minyoo katika shule za msingi za Busia, magharibi mwa Kenya. Kremer alikuja kuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Majarida ya uchumi hubana sana maneno. American Economic Review linataka ikisiri isizidi maneno 100. Hii ya Econometrica ina sentensi sita.

Ya kwanza inasema minyoo imewapata watu zaidi ya robo ya dunia. Huo ndio utangulizi wote, sentensi moja, na ina kipimo ndani yake. Linganisha na "lugha ni chombo cha mawasiliano".

Ya pili ni pengo, na hapa ndipo penye ufundi. Hawakusema "hakuna aliyetafiti jambo hili", maneno tunayoyapenda mno sisi. Walisema tafiti zinazowapa dawa watoto mmoja mmoja kwa nasibu huenda zinaikadiria faida ya dawa chini ya ilivyo, tena kwa njia mbili. Mtoto akitibiwa, hata jirani yake asiyetibiwa huambukizwa kidogo zaidi. Ukiwalinganisha hao wawili, tofauti inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Katika sentensi moja wamemwonesha msomaji kosa ambalo hakuliona. Na wameweka neno "potentially", wasije wakamtukana mtu.

Ya tatu inaanza na "We evaluate": dawa zilisambazwa kwa kugawa shule kwa nasibu, badala ya watoto. Mbinu imetajwa pale tu inapoziba pengo. Ya nne, matokeo: utoro shuleni ulipungua kwa robo, na kwa gharama ndogo sana kuliko njia nyingine. Ya tano inarudi kwa yule jirani: watoto ambao hawakutibiwa nao walinufaika, katika shule zile na hata za jirani, kiasi cha kustahili serikali kuilipia dawa yote. Umeona? Sentensi ya tano inalijibu lile lililoulizwa katika ya pili.

Ya sita inaanza na "Yet". Hata hivyo, wanasema, hatukupata ushahidi kwamba mpango huo uliinua alama za mitihani. Wangeweza kuificha sentensi hiyo ukurasa wa thelathini. Waliiweka pale ambapo kila mtu angeiona, na kwangu mimi ndiyo inayoifanya ikisiri nzima iaminike. Iangalie na lugha yake: "we do not find evidence". Hawakusema dawa haisaidii mitihani. Walisema ushahidi hawakuupata, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Turudi upande wako. Watu wa fasihi, historia na falsafa hutumia kitenzi ambacho mwanafizikia hakitumii: "argue". "This article argues that..." Kitenzi hicho ndicho matokeo yao. Ulisema ikisiri nyingine za fasihi huoni matokeo yako wapi, na mara nyingi hukuyaona kwa sababu ulitafuta takwimu, kumbe zao la utafiti wao ni hoja. Lakini mara nyingine hukuyaona kwa sababu kweli hayakuwapo. Zipo ikisiri zinazosema tu kwamba makala hii "explores", "examines", "discusses". Hizo zinakueleza makala inahusu nini, hazikuelezi ilifika wapi. Ni kama kibao cha mgahawa kilichoandikwa "chakula tayari". Umejua kuna chakula, lakini ni wali au ugali, na bei gani, hujui. Aina hiyo inakubalika kwa makala ya mapitio au sura ya kitabu. Kwa tasnifu, mtahini hatakuachia.

Kazi yako imesimama katikati. Ni isimu, ni jamii, na kwa kiasi fulani ni sanaa. Kwa hiyo unahitaji vyote viwili, ulichokiona na hoja unayoijenga juu yake, pamoja na mbinu kwa sentensi moja. Msomaji wako atashuku nini kwanza? Kwamba kanga imeshaandikwa sana. Anajua, kwa mfano, kwamba Rose Marie Beck mwaka 2001 alishaeleza jinsi kanga inavyomwezesha mwanamke kusema jambo huku akibaki na nafasi ya kulikana. Sasa wewe unamwambia majina ya kanga yana maana mbalimbali kutegemea muktadha. Hilo analijua hata bibi yangu ambaye hakuwahi kuingia darasani, na ndiye aliyenifundisha kuzisoma.

Tuje kwenye maneno yenyewe, kwa kuwa naona Kiswahili kimekuponza mahali fulani, na si wewe peke yako. Umeandika "This study has investigated". Najua ilikotoka: "Utafiti huu umechunguza". Kwetu -me- inakaa vizuri hapo. Kiingereza hutumia umbo hilo zaidi kwa yale ambayo watafiti kwa jumla wamekuwa wakiyafanya hadi leo, yaani kwenye uwanja na pengo. Kazi yako mwenyewe iliyokwisha inataka "investigated". Tasnifu kama maandishi yaliyo mkononi mwa msomaji inataka wakati uliopo, "examines", "argues". Ukichanganya hayo, msomaji anashindwa kujua wewe ulifanya nini na wengine walifanya nini.

Kisha "yalionesha". Kwa Kiswahili tunasema matokeo yalionesha, na neno moja linabeba kila uzito. Kiingereza kina ngazi. "Prove" liache kwa wanahisabati. "Demonstrate" na "show" ni kwa jambo ambalo data yako inalibeba bila kuyumba. "Indicate" ni chini kidogo. "Suggest" ni pale unapodokeza, kwa mfano unapotoka kwa wanawake uliozungumza nao ukawazungumzia wanawake wa mji mzima. "Revealed" ulilolitumia ni la kufichua siri. Limetapakaa katika tasnifu zetu zote na halina kazi. Kuchagua "suggest" hakukupunguzii heshima. Mtahini mzoefu humwamini zaidi anayejua mwisho wa uzio wake.

Umejiita "the researcher" mara mbili. Wasimamizi wa zamani waliwafundisha watu kujificha hivyo, na ukitakiwa na chuo, fuata. Lakini ujue kwamba wanafalsafa na watu wa fasihi huandika "I argue" bila woga, na wanafizikia huandika "we" hata makala ikiwa ya mtu mmoja. Mwaka 1975 Jack Hetherington, mwanafizikia wa Marekani, alikuwa amepiga chapa makala nzima kwa "we", akaambiwa jarida halipendi hivyo kwa mwandishi mmoja. Kuliko kuipiga chapa upya, alimwongeza paka wake kama mwandishi mwenza, kwa jina la F. D. C. Willard, na makala ikatoka katika Physical Review Letters.

Jihadhari pia na maneno ya kusifu. Christiaan Vinkers na wenzake walipitia ikisiri zilizomo PubMed, hifadhidata kubwa ya makala za tiba, kuanzia mwaka 1974 hadi 2014, wakakuta zile zenye maneno ya sifa kama "novel", "robust" na "unprecedented" zimepanda kutoka asilimia 2 hadi asilimia 17.5. Sidhani ugunduzi umeongezeka mara tisa. Na siku hizi kuna jambo jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliopitia ikisiri zaidi ya milioni 15 za tiba na biolojia, ulikadiria kwamba angalau asilimia 13.5 ya zile za mwaka 2024 zilipitishwa kwenye programu za akili bandia, kwa kuangalia maneno yaliyopanda ghafla kama "delves" na "underscores". Katika ikisiri yako nimeona "delves into" na "underscores the pivotal role". Sikulaumu kwa kutafuta msaada wa Kiingereza. Lakini maneno hayo yamekaa juu ya mahali ulipopaswa kuweka matokeo, na programu haikuyajua matokeo yako.

Sasa ile sentensi yako. "Various meanings depending on the context." Maana zipi? Muktadha upi? Kwa kuwa hukuniandikia ulichokiona, nitatunga mfano wa kukuonesha umbo tu. Usiuchukue kama matokeo yako. Tuseme uliona kwamba mnunuzi hulisoma jina kwa makini anapomnunulia mtu mwingine, na anapojinunulia mwenyewe huangalia rangi na mji kwanza. Ikisiri ingeweza kwenda hivi:

"Kanga names have mostly been studied as messages sent by the wearer. This study turns to the buyer. Drawing on interviews with ___ women and ___ shopkeepers in ___, it shows that buyers read the name closely when the cloth is a gift, but look first at colour and design when they buy for themselves. I argue that a kanga name speaks most clearly at the moment of giving."

Sentensi ya kwanza ni mtaa, na inakubalika tu ikiwa sura yako ya kazi tangulizi inaibeba. Ya pili ni kiwanja kilicho wazi, maneno sita tu. Ya tatu ina mbinu na matokeo kwa pamoja, na ile "but" ndiyo inayoonesha kwamba uligundua tofauti badala ya kusema "mbalimbali". Ya nne ni hoja, na unaweza kubishiwa juu yake. Hiyo ni dalili nzuri: "various meanings" hakuna anayeweza kuibishia. Nafasi wazi nimeziacha kwa sababu katika ikisiri yako yote hukutaja ulizungumza na wanawake wangapi, wala ni Unguja, Mombasa au Tanga.

Ile sentensi ya mwisho inayopendekeza tafiti zaidi zifanyike, ifute. Kama mwongozo wa chuo unalazimisha pendekezo, taja moja linalotokana na ulichokiona, lenye mtu wa kulitekeleza.

Jambo la mwisho ni hizo ikisiri mbili. Usiitafsiri moja kutoka nyingine, neno kwa neno. Msomaji wako wa Kiswahili anaijua kanga tangu akiwa amebebwa nayo mgongoni, kwa hiyo humwelezi pindo wala mji. Unaingia moja kwa moja. Msomaji wa Kiingereza aliye Leipzig au Chicago huenda anahitaji nusu sentensi ya kumweleza kwamba jina ni maandishi yaliyochapishwa kwenye kitambaa. Matokeo na namba zifanane kabisa katika zote mbili. Njia ya kuyafikia inaweza kutofautiana.

Kabla hujaandika tena, chukua karatasi tupu, uniandikie kwa Kiswahili sentensi moja inayoanza na "Niliona kwamba". Usitumie neno mbalimbali. Ikikushinda, rudi kwenye sura ya nne, usome maneno ya wanawake uliowahoji, na uangalie ni wapi wawili walifanya jambo moja kwa sababu tofauti. Ukishaipata nitumie, tuiweke kwenye Kiingereza pamoja.